Kipima gesi cha mkononi: jinsi ya kutafuta gesi inayovuja kwenye lori, ghala na foleni ya mpakani

Ni saa kumi na moja jioni, foleni ya malori imekwama mpakani na karatasi za mzigo hazijatoka. Utingo ametandika mkeka chini ya tela. Dereva amewasha jiko la mkaa kando ya tairi la nyuma ili wapate ugali kabla ya giza. Ndani ya tela kuna mitungi ya gesi ya kupikia, na mmoja wao una koki iliyolegea kwa mtikisiko wa barabara. Upepo umetulia. Gesi inashuka polepole, inapita kwenye nyufa za sakafu ya tela na kutambaa kuelekea mkekani.

Huu ni mfano tu, si kisa cha mpaka fulani. Lakini kila anayepita Rusumo, Tunduma, Malaba au Kasumbalesa anajua kwamba mkeka ule na jiko lile ni vitu vya kila siku. Swali ni moja: nani amehakikisha kwamba gesi haivuji? Mara nyingi jibu ni pua ya dereva.

Makala haya yanaeleza kifaa kinachofanya kazi hiyo vizuri kuliko pua, yaani kipima gesi cha mkononi. Yanaeleza pia kosa kubwa linalofanywa na wengi walionacho: kudhani kwamba kifaa kikinyamaza, basi hakuna gesi.

Kwa nini jambo hili linamhusu msafirishaji

Gesi imeingia katika biashara yetu kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni gesi asilia. Tanzania iligundua gesi Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba kubwa kutoka Mtwara lilizinduliwa mwaka 2015. Leo gesi hiyo haiishii kwenye mitambo ya umeme na viwanda tu. Inashindiliwa kwenye mitungi ya chuma na kuendesha bajaji, teksi na malori. Hii ndiyo inayoitwa CNG.

Mlango wa pili ni gesi ya kupikia, yaani LPG. Inashuka kwa meli Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, kisha inapanda kwa barabara kwenda Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na mashariki ya Kongo, kwa malori ya tangi na kwa mitungi.

Hatari yake si ya kusimuliwa. Usiku wa Februari 1, 2024, lori lililobeba gesi lililipuka eneo la Embakasi, Nairobi. Moto ulisambaa hadi kwenye nyumba na maghala ya jirani. Watu kadhaa walifariki na zaidi ya 200 walijeruhiwa, wengi wao wakiwa wakazi waliokuwa nyumbani kwao.

Pua haitoshi

Gesi asilia ikitoka kisimani huwa haina harufu ya kutegemewa. Ile harufu kali tunayoijua ni dawa inayochanganywa kwa makusudi. Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa uchungu mwaka 1937, pale gesi asilia isiyo na harufu ilipojaa chini ya jengo la shule katika mji wa New London, Texas, Marekani, na kulipuka. Walikufa watu wapatao 300, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo sheria za kutia harufu kwenye gesi zilianza kuenea.

Hata hivyo pua ina udhaifu wake. Ukikaa na harufu kwa muda, pua inaizoea na kuacha kukuonya. Dereva aliyelala kwenye kabini saa nne hanusi anachonusa mtu aliyefika sasa hivi. Mafua, vumbi, moshi wa dizeli na harufu ya mzigo mwingine pia huifunika. Na pua haisemi kiasi: haikuambii kama gesi iliyopo ni ya kufunga koki tu au ni ya kukimbia.

Gesi mbili, tabia mbili

Kabla ya kuwasha kifaa chochote, jua unatafuta gesi gani.

Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani. Ni nyepesi kuliko hewa, uzito wake ni zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa hewa. Ikivuja hupanda. Itafute juu: chini ya paa la gereji, kwenye kona za juu za ghala, chini ya kabini ya lori, kwenye dari la kontena.

LPG ni propani na butani. Ni nzito kuliko hewa, kati ya mara moja na nusu na mara mbili. Ikivuja hushuka na kutambaa kama maji yasiyoonekana. Itafute chini: sakafuni mwa tela, kwenye shimo la gereji, kwenye mtaro, na pale utingo anapotandika mkeka. Lita moja tu ya LPG ya maji ikigeuka kuwa gesi hujaza nafasi ya takriban lita 250.

Presha nazo ni tofauti. Mtungi wa CNG kwenye gari hujazwa hadi takriban bar 200. Mtungi wa LPG una presha ndogo sana ukilinganisha. Kwa hiyo tundu dogo kwenye bomba la CNG hutoa gesi nyingi kwa muda mfupi, na mara nyingi husikika kama mluzi.

Kama hujui lori limebeba nini, angalia kibao cha rangi ya machungwa au karatasi za mzigo. Namba ya 1971 ni methani au gesi asilia iliyoshindiliwa. Namba 1972 ni gesi asilia iliyopozwa hadi ikawa maji. Namba 1075 ni gesi ya petroli iliyogeuzwa maji, pamoja na ile ya kupikia. Propani peke yake hupewa 1978 na butani 1011. Hiyo ya 1972 iangalie kwa makini zaidi: iko kwenye baridi ya nyuzi 162 chini ya sifuri, mvuke wake ukiwa bado wa baridi hutambaa chini kwanza kabla ya kupanda, na kwa kawaida haina dawa ya harufu.

Vifaa ni vya aina mbili

Madukani kuna vifaa vingi vinavyoitwa kwa jina moja, lakini kazi zake ni mbili tofauti.

Cha kwanza ni kifaa cha kunusa. Mara nyingi kina shingo ndefu inayopinda na hutoa mlio unaokwenda kasi kadiri unavyokaribia gesi. Kazi yake ni kuonyesha mahali panapovuja. Ni kizuri kwa koki na viungo vya bomba. Udhaifu wake ni kwamba vingi vya bei nafuu hulia pia kwa petroli, pombe, marashi na sanitaiza ya mikono, na unyevu wa pwani huvisumbua.

Cha pili ni kipima kinachoonyesha asilimia ya hatari. Kina herufi LEL kwenye kioo. Kazi yake ni kumlinda mtu: kumwambia kama hewa iliyo mbele yake inakaribia kushika moto. Vingine hupima gesi nne kwa pamoja, ikiwemo oksijeni, ambayo katika hewa safi ni asilimia 20.9. Hivi vinafaa zaidi kwa anayeingia ndani ya kontena, tangi au shimo.

Ukiwa na kimoja tu, usikitumie kwa kazi ya kingine. Kifaa cha kunusa kikinyamaza hakijathibitisha kwamba kontena ni salama kuingia.

Namba kwenye kioo ina maana gani

Methani haishiki moto ikiwa kidogo sana hewani, wala ikiwa nyingi kupita kiasi. Huwaka ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Kwa propani na butani kiwango cha chini ni takriban asilimia 2 tu.

Herufi LEL zinamaanisha kile kiwango cha chini. Kifaa kikionyesha 100 LEL, gesi imefika kiwango cha kulipuka. Kikionyesha 10 kwa methani, maana yake hewa ina takriban nusu asilimia ya gesi, yaani sehemu moja ya kumi ya safari kuelekea mlipuko. Vifaa vingi hupangwa vitoe onyo la kwanza kwenye 10 na la pili kwenye 20.

Wengi hukosea hapa. Wakiona 10 au 20 husema "bado kuna nafasi". Namba hiyo ni ya pale kifaa kilipo, kwa sekunde ile. Mita mbili mbele, karibu na koki inayovuja, inaweza kuwa 100.

Jambo la pili la kujua: kifaa kilichopangwa kwa methani hakisomi LPG sawasawa. Vihisi vinavyochoma gesi kidogo ndani yake, ambavyo ndivyo vya kawaida, husoma propani na butani chini ya ukweli. Kioo kinaweza kuonyesha 10 wakati hali halisi ni 15 au zaidi. Ukibeba LPG, fundi akipange kifaa kwa propani au butani, au mwongozo wa mtengenezaji ukupe namba ya kuzidishia.

La tatu: vihisi hivyo vinahitaji oksijeni. Ukikitumbukiza kifaa mahali palipojaa gesi tupu, namba inaweza kupanda ghafla kisha ikaporomoka kuelekea sifuri. Anayeitazama baada ya kuporomoka atadhani ni salama, kumbe amesimama kwenye gesi. Vifaa bora hufunga onyo lisizimike mpaka mtu alizime mwenyewe. Namba ikipanda na kushuka kwa kasi, ihesabu kuwa ni hatari.

Kabla ya safari: je, kifaa ki hai?

Kifaa kinaweza kuwaka, kuonyesha sifuri na taa ya kijani, huku kihisi chake kimekufa. Kwa hiyo fanya yafuatayo kabla ya kukitegemea.

1. Kiwashe kwenye hewa safi, mbali na injini, pampu na mitungi. Ukikiwasha penye gesi kikajipanga kuwa hapo ndipo sifuri, kitakudanganya safari nzima.

2. Kijaribu kwa gesi ya majaribio inayouzwa kwenye mtungi mdogo pamoja na kifaa. Kwa methani mara nyingi huwa na asilimia 2.5, kwa hiyo kifaa kinapaswa kuonyesha karibu 50 na kulia. Kisipolia, hakisafiri.

3. Usikijaribu kwa kiberiti cha gesi. Wengi hufanya hivyo mbele ya mteja ili kuonyesha kwamba kinalia. Butani tupu ya kiberiti huzidi uwezo wa kihisi na inaweza kukiharibu, na kulia kwake hakuthibitishi kwamba kinasoma sawasawa.

4. Kiweke mbali na dawa za kung'arisha tairi na dashibodi. Nyingi zina silikoni, na silikoni huua vihisi vya kuchoma kimyakimya. Kifaa kinachokaa kwenye dashibodi inayopulizwa kila asubuhi hakidumu.

5. Angalia tarehe ya mwisho ya kalibresheni na uwe na cheti chake. Kama mtengenezaji amesema miezi sita, basi ni miezi sita hata kama safari zilikuwa chache.

6. Chaji betri nyumbani au ofisini, si kando ya mitungi wala kwenye kituo cha kujazia.

Jinsi ya kutafuta

Zima injini, zima jiko, weka simu mbali, na hakikisha hakuna anayevuta sigara karibu. Kisha mjue upepo. Upepo ukivuma kutoka kwako kwenda kwenye lori, gesi itapeperushwa upande wa pili na hutaikuta. Zunguka upime upande ambao upepo unatokea baada ya kupita kwenye mzigo, ukisogea polepole na kifaa kikiwa mbele yako.

Nenda taratibu. Kihisi kinahitaji sekunde kadhaa, vingine hadi nusu dakika, ili kuonyesha namba kamili. Kama unatumia mpira wa kuvutia hewa kutoka mbali, ongeza muda kulingana na urefu wa mpira. Anayepitisha kifaa kama anayepunga nzi hatapata kitu.

Kwenye gari linalotumia CNG, pita kwenye vali za mitungi, viungo vya bomba la presha, regulata, na mdomo wa kujazia. Shika kifaa juu kidogo ya kila kiungo. Kumbuka kwamba bomba lililo baada ya vali ya umeme hupata gesi injini inapofanya kazi tu. Kwa hiyo ukaguzi wa injini ikiwa imezimwa haujamaliza kazi; sehemu ile akague fundi mwenye kibali, nje, mahali penye hewa.

Kwenye mitungi ya LPG, pita kwenye koki, shingoni na kitakoni penye kutu. Shika kifaa chini kidogo ya kila sehemu. Usiruke mitungi mitupu inayorudi. Mtungi unaoitwa mtupu bado una mvuke wa gesi ndani, na mara nyingi ndio ambao koki yake haikufungwa vizuri wala kofia yake kurudishwa.

Kwenye tela au kontena lililofungwa, usifungue mlango wote mara moja. Simama pembeni, fungua kidogo, ingiza kifaa kwanza kabla ya kichwa chako. Pima chini kwa LPG, juu kwa gesi asilia, kisha katikati. Kifaa kikilia, acha milango wazi hewa ipite, na mtu asiingie mpaka kipimo kirudi sifuri.

Ukishajua eneo, thibitisha kiungo chenyewe kwa povu la sabuni. Mapovu yakikua, hapo ndipo. Kipima kinakuleta karibu; povu linaonyesha tundu. Usitumie moto wa kiberiti kutafuta gesi inayovuja, hata nje, hata kwa mtungi mdogo.

Kifaa kikilia

Usiwashe wala kuzima swichi yoyote iliyo ndani ya eneo la gesi. Cheche ya swichi inatosha. Usiwashe injini ili "kulisogeza lori mbele kidogo". Kama koki ya mtungi inafikika bila kupita kwenye gesi, ifunge. Kisha ondoka kuelekea upande ambao upepo unatokea, na waondoe watu pamoja nawe.

Mpakani kuna jambo jingine: waambie walio mbele na nyuma yako kwenye foleni. Wao ndio wenye majiko yanayowaka na injini zinazonguruma. Piga simu kwa zimamoto na maofisa wa mpaka ukiwa umeshafika mbali. Kuficha kwa kuogopa lori kuzuiwa ni kuchezea roho za watu wasiojua mzigo wako.

Kwa anayenunua au anayeuza vifaa hivi

Angalia alama ya Ex kwenye kifaa chenyewe, si kwenye boksi tu. Alama hiyo inaonyesha kwamba kifaa kimetengenezwa kisitoe cheche penye gesi. Kwa methani na LPG kundi linalohitajika ni IIA. IIB na IIC pia yanafaa. Kifaa kisicho na alama hiyo kinaweza kuwa ndicho kinachowasha gesi kilichotumwa kuitafuta.

Muulize muuzaji maswali matatu: kimepangwa kwa gesi gani, kihisi kinabadilishwa baada ya miaka mingapi, na gesi ya majaribio inapatikana wapi katika nchi yako. Bei ndogo haina faida kama kalibresheni ya kwanza itakulazimu kukisafirisha ng'ambo. Kumbuka pia kwamba ule mtungi mdogo wa gesi ya majaribio una presha. Utangaze kwenye karatasi zako kabla ya kuuvusha mpaka.

Kabla ya kuingia soko jipya, pata masharti kwa msimamizi wa nchi husika: EWURA kwa Tanzania, EPRA kwa Kenya, RURA kwa Rwanda. Kilichokubaliwa upande mmoja wa daraja si lazima kikubaliwe upande wa pili.

Tukirudi kwenye ile foleni ya jioni, ukaguzi wa mzigo ule ungechukua dakika chache. Kifaa kilichojaribiwa asubuhi, kilichopangwa kwa LPG, kikashikwa chini ya sakafu ya tela upande upepo unakoelekea, kingelia kabla mkaa haujashika. Dereva angesogeza jiko, angefunga koki, na utingo angetandika mkeka mahali pengine, mbali na tela, upande ambao upepo unatokea. Chakula kingechelewa kidogo, basi.